Makopo Mawili ya Mbinya

Siku ya soko Tawa, Kisilu aliweka kisu juu ya mche wa sabuni akasahau kukata. Mbele yake alisimama Mbinya wa Kasikeu, albino, gauni la mikono mirefu, leso ya samawati, na chini ya kofia pana nyusi ziking'aa kama ndevu za mahindi.

"Umeona nini?"

"Bado naangalia."

"Basi angalia ukinikatia sabuni."

Mapenzi yakaanzia hapo.

Serikali iliahidi maji kila uchaguzi, wake zetu wakazeekea njiani na mitungi mgongoni, wengine wakazikwa. Mwishowe akina mama wa Kasikeu wakaitana mwethya, kazi ya pamoja, wajenge ukuta wa kuzuia maji mtoni. Mchana jua, jioni mbu. Mbinya alibeba mafuta ya jua na dawa ya mbu. Kisilu, kwa kumhurumia, akavikoroga pamoja katika kopo la vaselini, kama alivyozoea kuchanganya mafuta sokoni.

Mafuta ya jua hurudiwa mara kwa mara. Kila Mbinya aliporudia, dawa ya mbu nayo ikazidi. Jioni mikono iliwaka, kichwa kikazunguka, na jua likamchoma vilevile. Maonyo ya dawa yaliandikwa kwa Kiingereza, herufi kama mayai ya chawa. Wakubwa wa afya huja Tawa kukata utepe tu.

Kisilu alipiga simu duka la Kasikeu.

"Mbinya, mpenzi..."

"Mama anasema wewe ni wa wale wanaotaka sisi albino tuishe."

Simu ikakatwa.

Nesi wa dispensari ndiye aliyemfungua Kisilu macho: mafuta ya jua kwanza, yakauke, dawa ya mbu juu yake, kidogo, mbu wakitoka, mbali na macho na vidonda, wala isirudiwe ovyo. Ukirudi nyumbani, oga.

Kesho yake Kisilu alikuwa mtoni akibeba mawe, mwanamume pekee, akina mama wakimcheka. Alimpa Mbinya makopo mawili.

"Lenye uzi mwekundu ni la mbu. Jioni tu."

"Na ukichanganya tena?"

"Nizikeni ndani ya ukuta."

Mbinya alificha kicheko kwa leso. Kisilu akabeba mawe mpaka ukuta ukaisha.

Kisha mvua ikanyesha milimani. Jioni mto mkavu ulinguruma, maji mekundu yakazunguka kona yakibeba miti mizima, yakagonga ukuta. Ukuta ukasimama. Maji yakatulia, yakajaa, mbingu yote ikalala ndani yake. Akina mama wakavua viatu kwa heshima. Hata mama yake Mbinya alivua vyake.

Mbu wakaanza kulia. Mbinya akanyoosha mkono mweupe kwa Kisilu.

"Nipake la uzi mwekundu. Kidogo." Akayatazama maji tena. "Halafu mlete mbuzi wa mahari kwa baba."