Siagi ya Mzee wa Zizini

Mimi Orrin ni dereva wa lori la maziwa, na katika vilima hivi vya magharibi mwa Wisconsin hakuna pua inayoifikia hii yangu. Kabla ya kuvuta maziwa, dereva hufungua tangi la mkulima, akainama, akanusa. Wenzangu wanajidai tu. Mimi nikiinama nakwambia ng'ombe alikula nini juzi, na kama mkulima kalala na mkewe au kalala kwenye kochi. Shule niliiacha mapema. Pua ikaendelea na masomo.

Alasiri moja ya Novemba, theluji nyepesi, redio ya zizini inawaimbia ng'ombe kama siku zote, nikafungua tangi la Lyle Torvik. Maziwa safi. Lakini kwa mbali, chini kabisa ya usafi ule, kulikuwa na harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Nikaenda jikoni kuuliza, mkate wangu wa mchana mkononi. Nikamkuta Janelle, mke wa Lyle, anamwaga vyote vilivyomo kwenye friji.

"Shemeji Orrin, huo mkate wako ubaki nje," akasema. "Ngano marufuku. Maziwa marufuku. Siagi, jibini, sukari, vyote."

"Nyumba ya wafugaji hii? Basi hata ng'ombe waambieni watoe maji."

Hakucheka. Akaninyooshea kichupa cheusi cha matone. Nikanusa. Mizizi michungu, na udongo uleule.

Binti yao Annika alikuwa na miaka mitano na hajawahi kutamka neno. Alikuwa anavuma tu kooni, mdomo umefumba, paji la uso kalilaza ubavuni mwa ng'ombe, na ng'ombe akateremsha maziwa bila kushurutishwa. Daktari alishasema mtoto ni mzima, ana njia yake, apendwe hivyohivyo. Lakini Janelle alitaka kusikia neno moja tu. Mama. Mwanamke mmoja wa mitishamba, ng'ambo ya mto, alimuuzia matone na sharti: ngano na maziwa visitumiwe na yeyote kwenye boma zima, hata kwa kisahani cha paka.

Bibi Ragna, nyanya yake Lyle, alikuwa kakaa karibu na jiko. Akanong'ona, "Na yule wa zizini?"

Kwa watu wenye asili ya Norwei hilo halihitaji maelezo. Kila zizi lina mzee wake, mfupi, hana kidole gumba, analinda mifugo. Kina Torvik tangu babu wa babu walimwekea uji wa mchele kila Alhamisi ya baridi, donge la siagi katikati.

"Atawekewa mafuta ya nazi," Janelle akasema. "Bibi, hata yeye afunge kidogo."

"Kufunga hajui," Bibi Ragna akajibu. "Anajua kuhama."

Alhamisi ile uji ukaenda na mafuta ya nazi. Asubuhi bakuli lilikutwa limefunikwa juu chini, na uji wote ndani yake, haukuguswa.

Haukupita muda mrefu, Annika akasema. Neno lake la kwanza lilikuwa "siagi".

Janelle alilia kwa furaha, akapigia simu mashangazi wote. Jumapili, kwenye chakula cha pamoja kanisani, mtoto akatoa sentensi nzima nzima, sauti nzito kama ya mvuta kiko. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa karibu, nikatazama mkono wake. Alishika kijiko kwa vidole vinne, kidole gumba kakikunja kiganjani. Mama yake alikikunjua. Kikajikunja tena.

Mambo yakazidi. Alimtajia Lyle ng'ombe aliyezikwa chini ya sakafu ya zizi kabla baba yake Lyle hajazaliwa. Aliongea Kinorwei cha zamani ambacho Bibi Ragna mwenyewe alikisikia kwa bibi yake. Kuvuma aliacha kabisa. Akiingia zizini, ng'ombe walirudi nyuma hadi minyororo ikakaza.

Mtoto alimwita kila mtu kwa jina. Janelle peke yake aliitwa "wewe mwanamke wa jikoni".

"Muachishe hayo matone," nikamwambia Janelle kwenye mlango wa zizi.

"Nikimwachisha atanyamaza, Orrin. Sauti nimeisubiri miaka."

"Sauti ya nani?"

Hapo tukaisikia pamoja. Chini ya mbao za sakafu. Mvumo wa koo, mdomo umefumba.

Annika tulikuwa tunamwona dirishani mwa jikoni, anaongea.

Janelle akaweka kiganja kwenye mbao. Mvumo ukasogea, ukatulia chini ya kiganja chake. Akasimama, uso mweupe kama karatasi. "Una siagi?" akaninong'oneza.

Kwenye lori langu siagi haikosekani. Akapika uji kwa maziwa ya tangini, akavaa koti lake la sufu, akaenda zizini na bakuli, kisu na siagi. Nyuma yake mlango ukalia. Annika anamfuata, glovu nene mikononi.

"Mwanamke wa jikoni. Unaenda wapi?"

Janelle hakugeuka. Akapiga magoti. Akaweka bakuli chini.

"Huku kuna baridi," mtoto akasema. "Nyumbani kuna joto."

Redio ikazima yenyewe. Mvumo chini ya mbao ulikuwa unafifia.

Janelle akainua kisu chenye donge la siagi.

"Mama."

Kisu kikasimama hewani. Sauti ilikuwa laini sasa. Ya mtoto kabisa.

"Mama. Nitakuita hivi kila siku."

Machozi yalimdondoka usijue kama anapumua. Mvumo ulikuwa uzi tu. Halafu hata uzi haukuwapo.

Akaangusha siagi bakulini.

Mtoto akamrukia, akamkumbatia shingoni kwa nguvu. Ng'ombe hata mmoja hakucheua. Kisha, kifuani mwa Janelle, mvumo ukaanza. Taratibu. Maziwa yakaanza kudondoka yenyewe chini ya ng'ombe.

Kichupa kilimwagwa kwenye mfereji wa samadi. Annika hasemi. Akitaka kitu anakushika mkono anakupeleka, na nyumba ile haimdai neno tena.

Lakini mgongoni mwa koti la Janelle kulikuwa na alama za siagi. Vidole vinne kushoto, vinne kulia. Vidole gumba hakuna. Na glovu za mtoto zilikuwa kavu, bila siagi.

Koti hakulifua. Alilikunja, akaliweka zizini kando ya bakuli. Sasa ni Julai, siagi ile haijachacha, nimeinusa mwenyewe. Na kila nikija kuchukua maziwa, naingiza mkono katikati ya koti. Pamebonyea, mahali padogo pa kulala.

Pana joto.