Aliyeshinda ni Joha

Kila Jumamosi, kabla hajafikiria kwenda popote, Joha alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kuosha vyombo na kufua sare za shule, zake na za mdogo wake. Mama yake, Bi Zuhura, alishona nguo barazani kwao, Magomeni mjini Kilosa, na pale kwenye cherehani aliona kila kitu. Sufuria yenye masizi ilirudishwa. Kola yenye doa ilirudishwa. Kazi zilipoisha ndipo aliposema, "Haya, nenda. Saa kumi na moja uwe umerudi."

Joha alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikokwenda ni kwenye banda la gemu la Makarius. Banda hilo lilikuwa na runinga mbili, mabenchi manne na feni moja. Watoto walikaa wawili wawili mbele ya runinga, kila mmoja na pedi yake ya vitufe mkononi, wakicheza mpira kwa vidole. Wavulana walijaa mpaka mlangoni. Msichana aliyecheza alikuwa Joha peke yake.

Alifundishwa na Samwel, mtoto wa jirani waliyekuwa wakisoma naye darasa la sita. Siku ya kwanza alifungwa mabao saba. Alirudi Jumamosi iliyofuata akafungwa matano. Aligundua kwamba wenzake wengi wanakimbilia mpira, basi yeye akajifunza kutulia na kuziba njia. Baada ya miezi michache, kumfunga Joha ikawa kazi.

Kadiri alivyozidi kucheza vizuri, ndivyo maneno yalivyozidi. Aliyesema zaidi alikuwa Elikana, mvulana wa darasa la saba ambaye ndugu zake watatu pia walikuwa wateja wa banda hilo.

"Nitajie kikosi kizima cha timu unayochezea," alimwambia siku moja. "Kuanzia golikipa."

Joha alitaja wote kumi na mmoja, akaongeza watatu wa akiba. Kisha akasema, "Na wewe taja wa timu yako."

Elikana alifika wa saba, akakwama. Wenzake walicheka kidogo, lakini hakuna aliyesema kwamba Elikana si mchezaji. Jambo hilo lilimkaa Joha kifuani. Kila alipoingia banda lile aliulizwa maswali kama mtu anayeomba kibali, na wale waliouliza hawakuwahi kuulizwa lolote.

Mwezi wa sita zikaja habari kwamba klabu moja ya vijana huko Mikumi imeandaa mashindano. Kila banda la gemu wilayani lilitakiwa kupeleka wachezaji wawili. Makarius aliitisha mchujo siku ya Jumamosi. Walijiandikisha wanane. Aliyeshindwa mchezo mmoja alitoka, na wawili watakaobaki mwisho ndio wangekwenda Mikumi.

Joha alimtoa wa kwanza kwa mabao matatu kwa bila. Mchezo wa pili alipangwa na Elikana. Elikana alichagua pedi kwanza, akachukua nyeusi iliyokuwa mpya. Joha akabaki na ya bluu, ambayo kitufe chake cha kupiga pasi kiling'ang'ania na kila mteja alikijua. Hakulalamika. Alitoa pasi kwa kukibonyeza kwa ubavu wa kidole, kama alivyozoea. Dakika za mwisho, wakiwa sare, bao moja kwa moja, Elikana alipeleka wachezaji wote mbele. Joha aliunasa mpira, akatoa pasi moja ndefu, akafunga.

Makarius aliandika kwenye daftari lake: Joha 2, Elikana 1. Mchezo uliofuata Samwel naye alishinda. Wawili wakawa wamepatikana. Joha alifika nyumbani saa kumi na moja kasoro, akakata mchicha huku akiimba.

Jumatatu baada ya masomo alipita bandani. Karatasi ilikuwa imebandikwa mlangoni: WATAKAOTUWAKILISHA MIKUMI: 1. SAMWEL. 2. ELIKANA.

Aliisoma mara mbili. Akaingia ndani, akakuta Makarius anafuta vumbi kwenye runinga. Elikana, Samwel na wavulana wengine wanne walikuwa wamekaa kwenye mabenchi.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba, Joha."

"Jina langu limeondoka vipi?"

Makarius aliendelea kufuta. "Elikana amenieleza kwamba pedi yake ilikuwa inang'ang'ania. Mchezo haukuwa wa haki. Na pia, Joha, fikiria. Kule watakuja vijana wa mabanda yote. Wakiona nimeleta msichana watasema Makarius amekosa wavulana. Wewe unacheza vizuri kwa msichana, sikatai. Lakini kule ni wachezaji wenyewe hasa."

"Pedi iliyong'ang'ania nilikuwa nayo mimi," Joha alisema. "Samwel alikuwa amekaa pembeni yangu. Samwel, sema."

Samwel alitazama viatu vyake. Alizungusha kifuniko cha kalamu, akakirudisha, akakizungusha tena.

"Rudi kwenye gemu zenu za kupika na kuvalisha wanasesere kwenye simu," Elikana alisema. "Ile juzi ulibahatisha."

Wavulana wakacheka. Joha alitoka, akaibandua ile karatasi mlangoni, akaichana vipande na kuvitupa mtaroni. Nyuma yake alisikia mtu akisema, "Mnaona? Wasichana ni hasira tu." Hilo lilimuuma kuliko yote. Wiki iliyopita Elikana mwenyewe alifungwa akarusha pedi ukutani, na hakuna aliyesema wavulana ni hasira tu.

Nyumbani alianza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa. Alisugua bakuli mpaka likamponyoka, likapasuka sakafuni.

Bi Zuhura alisimamisha cherehani. "Hilo bakuli limekukosea nini?"

Joha alieleza yote. Alitarajia mama yake atamwambia aachane na michezo ya wavulana, kwa sababu alishawahi kumwambia hivyo. Bi Zuhura alimsikiliza mpaka mwisho, sindano ikiwa bado katikati ya vidole.

"Ulimfunga?"

"Nilimfunga."

"Mbele ya watu?"

"Watu wote walikuwepo, mama. Na anko Makarius aliandika kwenye daftari."

Bi Zuhura alichomeka sindano kwenye kitambaa, akasimama na kujifunga khanga. "Mimi gemu siipendi, na wewe unajua," alisema. "Ningefurahi zaidi ukikaa na vitabu. Lakini mtu kuandika jambo kwa mkono wake leo, kesho akalikana kwa sababu aliyeandikwa ni binti yangu, hilo sikubali. Okota vigae hivyo, twende."

Walipofika bandani, wavulana wale wale bado wakiwemo, Makarius aliinuka haraka. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nionyeshe daftari la Jumamosi."

Makarius alijikuna shingo. Alianza tena habari ya pedi, akafika kwenye habari ya watu wa Mikumi. Bi Zuhura hakumkatiza, na hakuuondoa mkono aliokuwa ameunyoosha. Hatimaye Makarius alimpa daftari. Bi Zuhura akalisoma kwa sauti, kila neno mpaka tarehe.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu, dada."

"Sasa karatasi ya mlangoni umeitoa wapi?"

Makarius akasema, "Basi tufanye hivi. Joha na Elikana warudie, sasa hivi, sote tukiona. Atakayeshinda ndiye aende."

Elikana akachukua pedi. Bi Zuhura mwenyewe aliona njia imepatikana. "Haya, Joha, cheza uwaonyeshe, tumalize."

Joha hakusogea. Aliifumbata mikono nyuma. "Sichezi, mama. Nikishinda leo, kesho wataniambia nirudie tena. Mbona Samwel haambiwi arudie? Mbona hakuna mwingine aliyeambiwa arudie? Jumamosi nilishinda. Siwezi kushinda mara mbili ili nihesabiwe mara moja."

"Anaogopa," Elikana alisema.

"Haogopi," alisema Samwel.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote waliisikia. Alisimama, uso umembadilika. "Pedi mbovu alikuwa nayo Joha. Ya bluu. Elikana alikuwa na nyeusi mpya. Niliona, na mchana nilinyamaza kwa sababu niliogopa wataniambia nampenda, au watanicheka kwamba natetea wasichana."

"Elikana," Makarius alisema, "ulikuwa na pedi ipi?"

Elikana aliigeuza ile aliyoishika, kama mtu anayetafuta jibu limeandikwa chini yake. "Nyeusi," alisema mwishowe.

Makarius alichukua karatasi mpya, akaandika SAMWEL, akaandika JOHA, akaibandika mlangoni. Joha hakumshukuru. Wakiwa njiani Samwel aliwafuata, akataka kutembea pamoja na Joha.

"Sitaki," Joha alimwambia. "Elikana si rafiki yangu, kwa hiyo yeye alinikasirisha tu. Wewe ni rafiki yangu, na ulijua, ukanyamaza."

Samwel alibaki nyuma. Bi Zuhura alisikia yote, lakini hakumwambia binti yake asamehe haraka.

Jumamosi iliyofuata Makarius aliwapeleka Mikumi kwa gari la rafiki yake, na Bi Zuhura akaenda nao. Njia nzima, kupitia kijiji cha Ulaya, Joha na Samwel walikaa siti moja bila kusemezana. Ukumbi wa klabu ulikuwa kando ya barabara kuu, umejaa vijana. Mlangoni kijana mwenye orodha alimtazama Joha akasema, "Mdogo wangu, waliosindikiza wanakaa upande ule."

Joha alifungua mdomo, lakini Makarius alimtangulia. "Huyu ni mchezaji wangu. Alipita kwenye mchujo. Mtazame vizuri kwenye orodha yako, anaitwa Joha."

Mchezo wa kwanza Joha alishinda mabao mawili kwa bila. Wa pili alipangwa na kijana wa Mikumi mwenye vidole vyepesi, akafungwa mawili kwa moja. Kijana yule alimpa mkono na kumuuliza jinsi alivyokuwa akiziba njia zake za pasi. Samwel alitolewa mchezo wa kwanza kabisa, kwa kufungwa mabao manne.

Kijana mmoja nyuma yao akasema, "Si mliona? Msichana hawezi kufika mbali."

Joha akageuka. Kabla hajajibu, Samwel alisema, "Mimi nimefungwa manne, yeye amefika mbali kuliko mimi. Mbona husemi nimefungwa kwa sababu ni mvulana?"

Joha alimsogezea Samwel nafasi kwenye benchi. Hakusema amemsamehe, lakini walitazama fainali pamoja.

Walipotoka nje, Makarius alimwita Joha pembeni, karibu na mama yake. "Nilikukosea," alisema. "Ninaomba msamaha."

Joha alifikiri kidogo. "Anko, nimesikia. Lakini kosa ulilifanya mbele ya watu wote wa bandani. Naomba uyaseme hayo mbele yao."

Bi Zuhura alimtazama binti yake, kisha akamtazama Makarius. Makarius akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu jioni banda lilikuwa limejaa. Elikana na ndugu zake walikuwepo. Makarius alizima runinga zote mbili, wavulana wakaguna.

"Sikilizeni," alisema. "Wiki iliyopita mimi, mtu mzima, niliandika ukweli kwenye daftari na uongo mlangoni. Elikana alidanganya kuhusu pedi, lakini mimi nilikuwepo, nilikuwa najua. Niliupokea uongo wake kwa sababu ulinifaa. Niliogopa kuchekwa. Samwel naye aliogopa kuchekwa. Tulimwachia Joha abebe peke yake woga wetu sote, halafu alipokasirika tukasema ana hasira. Alikuwa na haki ya kukasirika. Yeyote angekasirika."

Wavulana walikuwa wanatazamana.

"Mchezaji ni anayecheza. Hatuulizi ni mvulana au msichana, kwa sababu mpira hauulizi. Mtu akishinda, tunaandika jina lake. Akishindwa, tunaandika hivyo hivyo. Na ukiona mwenzako ananyang'anywa alichokipata kwa haki, sema siku hiyo hiyo. Usisubiri mama yake aje. Joha, nimekosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe, anko," Joha alisema.

Elikana aliinuka bila kuambiwa. "Ulinifunga," alisema, akimtazama Joha usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya mchujo. "Ulinifunga kwa haki."