Maziwa Ndani ya Sponji

Fundi alikuwa mtengenezaji wa makochi. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Ilikuwa na meza ndefu, cherehani nzito, na sponji zilizopangwa mpaka darini. Mkewe alipiga pasi nguo za watu barazani. Wanawake wenzake wa mtaa waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye hakuwa na mtoto, basi wakamwita Mama Pasi, kana kwamba pasi ndiyo iliyotoka tumboni mwake. Walisema ni utani tu. Alicheka nao, kisha aliingia ndani akalia.

Daktari alikuwa ameshawaambia wazi kwamba hawatazaa. Hilo waliweza kulibeba. Walichoshindwa kubeba ni maneno ya mama yake Fundi. Kila alipokuja kuwatembelea, alimtazama mkamwana wake tumboni kabla ya kumtazama usoni. Aliuliza mbele ya wateja kama humo ndani kumefungwa kwa kufuli. Fundi alisikia na kuendelea kupiga misumari.

Mwishowe waliamua kuasili mtoto, yaani kumchukua mtoto asiye na wazazi na kuwa wazazi wake mbele ya sheria. Walikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Ofisa aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu. Aliwaeleza kwamba mtoto hukaa nao kwanza kwa kipindi cha majaribio. Ofisi huja kuwaona. Baadaye mahakama hutoa amri, na hapo mtoto anakuwa wao kabisa. Aliwataka wahudhurie mafunzo kila Jumamosi. Aliwataka pia wamwambie kila mtu wa karibu atakayemlea mtoto.

“Mtoto hafichwi,” alisema. “Anayefichwa ni mwizi.”

Wakaitikia kwa vichwa. Njiani Mama Pasi alisema mama mkwe hatamkubali mtoto wa watu hata siku moja. Fundi alitembea mpaka karibu na nyumbani. Kisha akasema, “Tumbo naweza kulitengeneza.”

Na kweli alilitengeneza. Alikata sponji za ukubwa tofauti, moja ya kila hatua ya mimba. Alizichonga pembeni zikawa nyembamba, ili ukingo usionekane chini ya gauni. Akazivika kitambaa cha pamba na mikanda ya kufunga mgongoni. Ilikuwa kazi safi kuliko kochi lolote alilowahi kuuza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawa wawili walificha hata kule kutozaa.

Tumbo likakua. Mtaa ukafurahi, maana mtaa hupenda habari. Mama mkwe alilia machozi ya furaha, akahamia kwao na sanduku lake. Mama Pasi alisimama mbele ya pasi ya moto huku amefungwa sponji, na vipele vikamjaa kiunoni. Siku ya ofisa kuja, tumbo liliingia mvunguni na mama mkwe alitumwa sokoni. Ofisa alipouliza bibi wa mtoto anasemaje, walimwambia amepokea kwa moyo mweupe.

Lakini uongo una kodi yake. Mwenye mimba angeonekanaje kwenye mafunzo ya wanaoasili? Basi Jumamosi zote walitoa udhuru wa kazi. Na mwenye mimba ya sponji angepimwaje kliniki? Siku za kliniki Mama Pasi aliaga nyumbani, akaenda kukaa kwenye benchi la kituo cha mabasi mpaka saa zipite. Hakujifunza yanayofundishwa wanaozaa. Hakujifunza yanayofundishwa wanaoasili. Nguo za mtoto zilikuwa kabatini, zimepigwa pasi zote. Maandalizi yao yaliishia hapo.

Tumbo lilipofikia sponji ya mwisho, ofisa akawaita, na mama mkwe akaambiwa uchungu umeanza. Kulikuwa na mtoto wa kike, mchanga kabisa. Mama yake alifariki akijifungua, na ndugu hawakupatikana. Mama Pasi alipopewa amshike, alikaa chini na mtoto wake mikononi. Alimpenda hapo hapo. Hilo nalisema ili msidhani walikuwa watu wabaya. Mlezi wa makao ya watoto aliwaonyesha namna ya kuchanganya maziwa ya kopo. Fundi alitazama, lakini akilini alikuwa akitafuta mahali pa kulificha lile kopo.

Nyumbani mama mkwe aliwapokea kwa vigelegele. Akamwambia mkamwana wake amnyonyeshe mtoto. Mama Pasi alisema anaona haya, akafunga mlango wa chumba.

Hapo ndipo Fundi alipofanya kosa ambalo lingeweza kufanywa na mtu wa kazi yake tu. Mwanamke anayenyonyesha hahitaji birika chumbani kila saa. Kwa hiyo Fundi alichemsha maji karakana, asubuhi mara moja. Alichanganya maziwa ya kutwa nzima na kuyatia kwenye chupa. Vijiko vya unga wa maziwa alivipunguza, maana kila kopo jipya lilihitaji kuingizwa nyumbani kwa siri. Kisha akatoboa bonge la sponji, mashimo ya kutosha chupa barabara. Akalivika foronya yenye zipu.

“Sponji haiachii joto,” alimwambia mkewe. “Mpaka jioni yatakuwa na uvuguvugu.”

Alipita na mto huo mbele ya mama yake. Mama akamsifu kwa kumtengenezea mkewe kitu cha kuegemeza mgongo. Kila asubuhi mto ulitoka, kila asubuhi mto ulirudi.

Mtoto alilia njaa, kwa sababu maziwa yalikuwa mepesi. Baadaye akaanza kuharisha. Mama mkwe alisema ni mwili unajisafisha. Kuhara kulipozidi walikwenda hospitali, wote watatu na mtoto. Nesi alimpima, akauliza anakula nini.

Mama Pasi alimtazama mama mkwe, aliyekuwa amesimama begani kwake.

“Ananyonya,” alijibu.

“Hakuna kingine? Hata maji?”

“Hakuna.”

Nesi aliamini. Kwa nini asiamini? Dawa ya mtu huanzia kwenye maneno ya mtu, na maneno yalikuwa ya uongo. Alimwambia amnyonyeshe zaidi. Akaonya warudi mara moja mtoto akilegea, macho yakididimia, au akikataa kunyonya. Walirudi nyumbani na mto uleule ukaendelea kuingia na kutoka.

Kesho yake mtoto alikuwa hainui mkono. Macho yalikuwa yamezama. Walikimbia naye hospitali, na nesi yuleyule akawapokea.

“Mweke ziwani,” alisema. “Nataka nione anavyonyonya.”

Mama Pasi hakusogea. Mama mkwe akamhimiza: huu si wakati wa haya, mpe mtoto ziwa. Ndipo akafungua vifungo vya gauni, akamweka mtoto kwenye ziwa lisilo na kitu. Mtoto alishika, akavuta kwa nguvu kidogo alizobakiwa nazo, akaachia. Akashika tena, akaachia. Hakuwa na machozi ya kulilia.

Fundi alikuwa ukutani. “Hana maziwa, nesi,” alisema. “Hakumzaa. Tulimpata ustawi. Anakunywa ya kopo.”

Nesi hakupoteza muda kwa kushangaa. Alimwita daktari, na huku wanatafuta mshipa wa kumtundikia maji, aliuliza maziwa yanachanganywaje na yanawekwa wapi. Fundi akaeleza. Alieleza mashimo, foronya, na jinsi joto linavyotunzwa mpaka jioni. Katikati ya maelezo alijisikia mwenyewe anachosema, akaishia hapo.

“Na tumbo?” mama yake aliuliza polepole.

“Nilishona mimi, mama.”

Mama mkwe alimtazama mwanawe, kisha mkamwana wake. “Nimelilia sponji,” alisema. “Machozi yangu yote ya furaha, kumbe nalilia sponji.” Akatoka. Jioni hiyo alifunga sanduku lake na kurudi kwake.

Mtoto alilazwa. Aliponea chupuchupu, na daktari hakuwaficha hilo. Alipopata nafuu, nesi aliwaeleza kilichomuumiza. Maziwa yaliyokaa na uvuguvugu ni shamba la vijidudu: kadiri yanavyokaa ndivyo vinavyozaana. Maziwa yaliyopunguzwa unga hayashibishi wala hayajengi mwili.

“Ungeniambia siku ile ya kwanza ningejua pa kutazama,” alimwambia Mama Pasi. “Hapa hatuhukumu mtu kwa kutozaa. Tunahitaji ukweli tu.”

Mama Pasi alisema angetamani kuumwa yeye.

Ofisa wa ustawi alikuja hospitalini na sauti yake kavu. Alisema mtoto akitoka atarudi makao, si kwao. Mama Pasi alishika ukingo wa kitanda. Aliomba, aliahidi, akalia mbele ya wagonjwa wote.

“Sijawanyima mtoto,” ofisa alisema. “Nimesema hamko tayari. Na mimi nina kosa langu. Mlinipa udhuru wa Jumamosi, nikaupokea; mlinipa maneno ya bibi, nikayapokea bila kumsikia mwenyewe. Sasa tutaanza upya, kwa ukweli.”

Wakaanza upya, na haikuwa tamu. Mtaa ulipata habari kubwa kuliko ile ya kwanza. Wateja wa pasi walipungua. Mtu mmoja alipita karakana akamwuliza Fundi kama matumbo bado anauza, na kwa saizi gani. Fundi alichoma sponji zile zote nyuma ya nyumba, na moshi wake mweusi ukawapa majirani la kusema.

Jumamosi walikaa kwenye mafunzo pamoja na wazazi wengine. Mama Pasi aliona ajabu kukuta watu wengi kiasi kile. Wote walikuwa wameambiwa maneno yaleyale aliyoambiwa yeye, na hakuna aliyejifunga sponji. Walifundishwa kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chombo. Maji yachemke, na yachanganywe na unga yakiwa bado ya moto, kwa kijiko cha kopo na kipimo kilichoandikwa, bila kupunguza wala kuzidisha. Kisha yapozwe na mtoto anywe. Maziwa huchanganywa ya mlo mmoja tu, na yanayobaki humwagwa, hata kama roho inauma. Fundi aliuliza kuhusu chupa. Mwalimu alimwambia kikombe kidogo kisicho na pembe ni rahisi zaidi kusafisha, na hata mtoto mchanga hunywa kwa kikombe akishikwa wima na kupewa taratibu. Anayetumia chupa lazima aioshe na kuichemsha kila mara.

Fundi aliwahi kushona godoro la mtoto lenye mito mizuri pande zote. Hapo akaambiwa mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu tambarare, bila mito wala sponji laini inayoweza kumziba pumzi. Alikwenda nyumbani akalifumua.

Kila siku walikwenda makao kumwona mtoto. Siku za kwanza alilia mikononi mwa Mama Pasi na kunyamaza kwa mlezi. Hilo lilimuuma kuliko kicheko cha mtaa. Mlezi alimwonyesha jinsi ya kumlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amejifunika shuka, mpaka azoee harufu na mapigo ya moyo wake. Alimwambia na baba afanye vivyo hivyo. Fundi aliona aibu kuvua shati mbele ya wanawake. Alivua. Mtoto alilala kifuani pake, naye akakaa bila kutikisika mpaka mkono ukafa ganzi.

Ofisa alikwenda pia kwa mama mkwe, akamweleza yote. Alirudi na jibu fupi: mama amesema hana mjukuu, lakini hatazuia.

Mtoto akarudi nyumbani. Sasa birika lilikaa mezani sebuleni, na vikombe vya mtoto juu ya kitambaa safi, kila aingiaye avione. Alipelekwa chanjo kwa wakati. Kila alipopimwa uzito ulikuwa umepanda. Mama Pasi akiulizwa kliniki, alijibu kwa sauti ya kawaida kwamba mtoto ni wa kuasili na anakunywa maziwa ya kopo. Baadhi ya wanawake waligeuka kumtazama. Wengine waliendelea kuwavua watoto wao nguo.

Mama mkwe alikuja siku moja, bila sanduku. Fundi alikuwa amekwenda kupeleka kochi la mteja. Mkamwana alimwamkia, akamkaribisha. Mama alikaa ukingoni mwa kiti, akamtazama mtoto aliyelala, lakini hakunyoosha mkono.

“Akikua mtamwambia?” aliuliza.

“Nimeshaanza kumwambia, mama. Kila nikimwogesha.”

“Huyu? Anaelewa nini huyu?”

“Yeye haelewi. Ni mimi ninayejizoeza kusema, ili siku atakayoelewa nisitetemeke.”

“Unamwambiaje?”

“Namwambia hukutoka tumboni mwangu. Mama aliyekuzaa alifariki. Sisi tulikutafuta, na tulipokupata tulidanganya watu, ukaumia wewe. Hatutadanganya tena.”

Mama mkwe alichukua mkoba wake akasimama. Alipofika mlangoni aligeuka.

“Na mimi? Unamwambia mimi ni nani?”

“Hilo nimekuachia wewe, mama. Utamwambia mwenyewe.”

Alishuka ngazi bila kuaga. Tangu siku hiyo mahakama imeshatoa amri, na mtoto ameshaanza kutembea. Mpaka naandika haya, bibi hajaja kumwambia.