Udongo wa Kubandika

Ilianza na harufu. Mchoraji wa ramani alifungua kompyuta yake asubuhi, akaingia kwenye faili la ramani ya shule, na alipobonyeza kiambatisho cha ripoti ya udongo, chumba kizima kikanuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Alinusa viatu vyake. Alinusa kikombe. Akaifunga ripoti, harufu ikakata. Akaifungua tena, ikarudi.

"Bosi, hebu njoo unuse."

Bosi alikuja, akanusa, akasema ni bomba la choo. Mhandisi mzima, vyeti vimejaa ukutani, hajui tofauti ya udongo na choo! Lakini usimshangae. Udongo ndicho kitu ambacho bwana yule hakuwahi kukitazama tangu afungue ofisi, isipokuwa mara moja.

Walimwita Bandika, kisogoni bila shaka. Ramani ya jengo haipokelewi kwenye ofisi ya vibali ikiwa peke yake. Ndani ya faili lake huambatishwa hesabu za nondo, vipimo vya kiwanja, na ripoti ya udongo inayoeleza ardhi ya pale inaweza kubeba uzito gani. Udongo huo lazima uchimbwe palepale jengo litakaposimama. Bandika alichimba mara moja tu, kwenye kiwanja cha ghala moja chenye ardhi ngumu, ambako mlinzi aliwaambia wachimbaji waombe ruhusa kwa wenyewe wasioonekana. Wakamcheka, wakachimba. Ripoti ikatoka nzuri ajabu. Tangu hapo kila kazi iliyoingia, iwe bondeni, iwe juu ya dampo la zamani, Bandika alibadilisha namba ya kiwanja kwenye ripoti ileile, akapiga mhuri, akamsukumia mchoraji. "Bandika tu, twende. Udongo ni udongo."

Mchoraji alinung'unika, kisha akabandika. Hivyo ndivyo watu wengi wanavyokuwa waaminifu. Ripoti ikaingia kwenye faili la shule, na madarasa yakapanda juu ya bonde lililofukiwa takataka. Ikaingia hata kwenye faili la nyumba ya Bandika mwenyewe, aliyoijenga kwenye kinamasi, akamlaza humo binti yake wa pekee. Kuna watu wakikosa wa kumdanganya hujidanganya wenyewe ili wasipoteze mazoea.

Baada ya harufu ikaja printa. Kila ripoti ile ilipochapwa, karatasi zilitoka na unyevu, na chembe za udongo mweusi zikadondoka juu ya meza.

"Fagia," alisema Bandika. Huo ndio uhandisi wake.

Kisha akapiga simu mwalimu mkuu wa shule. "Mzee, kuna kitu chini ya madarasa yetu. Tangu asubuhi kinatwanga, na jua likisimama kinazidi. Du, du, du. Chaki zinaruka."

"Panya hao, mwalimu."

"Panya gani huyo, mzee? Ana mchi?"

Bandika alicheka sana, na akaendelea kucheka mpaka siku mkewe alipompigia na kunong'ona, "Baba, rudi nyumbani. Mtoto wako simwelewi."

Alimkuta binti yake amesimama kwenye kona ya chumba, peku, uso ukutani, jua la adhuhuri limejaa dirishani, na chini ya sakafu ya vigae kile kishindo alichokiita panya kikipanda na kushuka taratibu kama pumzi, na harufu ya udongo mbichi imetanda kitandani, kwenye nguo, kwenye nywele za mtoto, na alipomgusa bega akalikuta lina baridi, na kucha zake ndogo zote zimejaa udongo mweusi ilhali mama yake aliapa kwamba hajatoka nje tangu jana. Ama kweli, mtu haamini mpaka yamfike.

Mganga aliletwa. Alikuwa mtu mfupi mwenye mafua na mkoba mdogo, hana mbwembwe. Alimwomba mama wa mtoto akachemshe maji, akafunga mlango, akachuchumaa.

"Nani wewe?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwenye udongo." Mdomo ulikuwa wa mtoto, sauti ya mzee aliyechoka.

"Umemvamia mtoto kwa nini?"

"Nimvamie nani? Nimeletwa! Nilikuwa kwangu nimetulia. Huyu baba yake kaandika kwamba udongo wangu uko hapa, uko shuleni, uko kila mahali, na mhuri kapiga. Kwetu sisi likiandikwa linatimizwa. Basi naubeba udongo wangu kila alikouandika, naushindilia chini ya nyumba zenu, mgongo umekufa. Mtoto nimemshika ili nisikike. Baba mtu ni kiziwi wa makusudi."

Bandika alijibana mlangoni.

"Unataka nini?" mganga akauliza.

"Nitolewe. Ripoti yangu iondolewe kila ilipobandikwa. Lakini nikitoka natoka na changu, na huko chini hapabaki kitu. Watoeni watu kwanza."

Mganga alipenga kamasi, akamgeukia Bandika. "Umesikia? Watu kwanza, karatasi baadaye."

"Nimesikia."

Amesikia nini! Kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu: ukiwatoa watu kwenye jengo, watakuuliza sababu, na ukiwaambia sababu, unakwenda jela. Alitoka chumbani, akamkuta mkewe kwenye korido ameshika sufuria ya maji ya moto, macho mekundu.

"Kasemaje?"

"Jambo dogo, mama. Kuna karatasi ya udongo kwenye faili la ramani. Ikitolewa tu, anaondoka."

"Basi?"

"Basi."

Akampigia mchoraji. "Ingia kwenye faili la nyumba yangu, uiondoe ile ripoti."

"Na ya shule, bosi?"

"Shule ina wenyewe. Fanya nilichokwambia."

Mchoraji alipoifuta, alisikia ndani ya chumba chake mtu akishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Kule nyumbani mtoto aligeuka, akaomba maji, akaomba simu ya mama yake acheze. Mama alilia kwa furaha. Walilala humohumo, wote watatu, kwa sababu baba wa nyumba hakufungua mdomo.

Asubuhi mama alimpeleka binti shuleni mwenyewe, akiwa ameshiba furaha. Bandika alifika ofisini akipiga mluzi, akaagiza chai, akaanza kumsimulia mchoraji jinsi alivyomkomesha jini. Hapo simu ikalia.

"Nyumba imeondoka!" Mkewe alikuwa akihema. "Nilikuwa uani naanika nguo, nikasikia kuta zinalia, madirisha yanapasuka moja moja, nikageuka nikaona mlango wa mbele unazama, unazama huku nauangalia, baba, mpaka paa likakaa juu ya nyasi..."

"Mtoto! Mtoto yuko wapi?"

"Si yuko shule! Ana mtihani leo."

Bandika alijibwaga kitini. "Mungu mkubwa," alisema, akacheka huku machozi yanamtoka. "Yuko shule. Yuko salama."

Mchoraji alikuwa ameacha kuandika. "Bosi," alisema. "Yule alikuwa ameishikilia nyumba yako. Na shule anayosoma mtoto ni ile yetu, ameishikilia yeye. Mpigie mwalimu awatoe watoto, kabla mtu hajagusa ile ripoti. Mpigie!"

Kwa mara ya kwanza bwana yule alitii. Alipiga, akaweka simu kwenye spika.

"Mwalimu, kile kishindo. Bado mnakisikia? Niambie bado mnakisikia."

"Kishindo? Kimekwisha, mzee!" Mwalimu mkuu alikuwa na furaha tele. "Mke wako ni mama mwema sana. Alipomleta binti asubuhi alinipa siri, kwamba ni karatasi tu. Nimefungua faili la ramani mlilotukabidhi, nimeitoa, nimeichoma moto. Tangu hapo kimya kabisa."

"Watoe watoto! Mwalimu, watoe nje! Wote! Sasa hivi!"

"Mzee, tafadhali usinipigie kelele," alisema mwalimu, akishusha sauti. "Watoto wako kwenye mtihani." Akakata simu.