Aliyetetemekewa na Mashine

Haya, sogeeni karibu, mnitegulie hiki kwanza. Nina mlinzi, sikumwajiri na wala simlipi. Nyumba iliungua siku nyingi zilizopita, moto ukazimwa, majivu yakazolewa. Lakini yeye mpaka leo, mtu akiwasha kiberiti apike uji, anapiga kengele mtaa mzima unaamka. Ni nani huyo?

Mkishindwa msinipe mji. Mji ninao tayari, unaitwa Isela, na ndiko tunakokwenda.

Isela ulikuwa mji wa chini. Juu, jua lilikuwa limekuwa kali hata mbuzi hawatoki mchana, basi watu wakashuka wakajenga mitaa ndani ya ardhi, na masoko, na shule, na taa zinazopambazuka asubuhi na kufifia jioni kama mbingu. Mitaa hiyo ilichimbwa na mashine kubwa zinazotambaa gizani zikitafuna mwamba. Watu waliziita fuko, kama yule panya anayechimba chini ya ardhi. Na kila fuko alikuwa na wachungaji wake wawili, wanaotembea nyuma yake na kumtibu akikwama. Wachunga fuko walikuwa na desturi yao: hawaingii shimoni mpaka wamepeana mikono. Hata kama wamegombana njiani, mkono lazima.

Milembe alikuwa mchunga fuko.

Asubuhi moja alikuwa jikoni kwake anakunywa uji. Jirani akaangusha sufuria sakafuni, paa! Milembe hakushtuka. Kikombe hakikuyumba. Lakini pembeni, karibu na mtungi wa maji, mashine iliyokaa kwenye kigoda ilianza kutetemeka. Ilitetemeka mabega, ikatetemeka magoti, kifua chake cha mpira kikapanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbizwa na mbwa. Maji yakaitoka kwenye vitundu vya paji, yakachuruzika mpaka chini. Mkono wake wa kushoto ukajikunja ngumi, kidole kwa kidole, ukakaza.

"Ameanza tena huyo mgeni wako," alisema Shangazi Minza, akichukua tambara. "Hali, halipi pango, na kila siku mimi ndiye wa kumdekia jasho. Hata mume sikumfanyia hivi."

"Mume wako alikuwa anatetemeka, shangazi?"

"Siku ya mshahara tu, akiniona getini."

Wakacheka. Milembe naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa chepesi mno, kama cha mtu anayesikia mzaha wa nyumba ya pili.

Mashine hiyo iliitwa Mpokezi. Ilikuwa na umbo la mtu, lakini haikuwa na uso. Milembe alivaa mkufu mwembamba shingoni, na mkufu huo ulisikiliza mishipa ya fahamu. Hofu ilipopanda kutoka mwilini, mkufu uliidaka kabla haijafika moyoni wala mikononi, ukaitupa hewani kwenda kwa Mpokezi. Waganga wa Isela walikuwa wamejaribu kwanza kuizuia tu hofu isitoke. Wakaona haizuiliki. Ni kama maji ya mvua, ukiyaziba huku yatabomoa kule, lazima yapate mtaro. Basi wakaunda mtaro wa kukaa kwenye kigoda.

Kabla ya Mpokezi, Milembe alikuwa hali wala halali. Hiyo ilikuwa baada ya ajali ya Shimo la Kusini, paa la mwamba liliposhuka juu yake na mwenzake Kabula. Yeye alitolewa. Kabula alitolewa amekufa. Kutoka paa lilipoanguka hadi alipoona mwanga, Milembe hakukumbuka kitu, kama ukurasa uliochanwa. Lakini mwili wake ulikuwa na habari zake. Akinusa udongo uliolowa, koo linaziba. Alisaga meno usingizini mpaka jino la nyuma likapasuka. Tumbo lilimharisha kila aliposikia mngurumo. Na mkono wa kushoto, uliotoka shimoni na vidole vitatu vimevunjika, ulijikunja wenyewe tu, ukakataa kufunguka hadi shangazi aukande kwa maji ya moto.

Mmeshamjua yule mlinzi? Ndiyo, ni mwili. Moto umezimwa, yeye bado anapiga kengele.

Kwa hiyo Mpokezi alipoletwa, nyumba nzima ilishukuru. Milembe alinenepa, akarudi kazini. Ila mkufu haukujua kuchagua hofu na maumivu mengine: aliunguza kiganja kwenye jiko asijue mpaka aliponusa nyama. Na mjomba wake alipofariki, alisimama kaburini macho makavu, huku nyumbani Mpokezi akilowesha sakafu.

Siku hiyo ya sufuria, kabla uji haujaisha, mtu alibisha hodi.

Alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga kaniki, amekonda. Shangazi Minza alimtambua kwanza, akaacha tambara.

"Mama Kabula! Karibu, karibu ndani, dada. Kaa, nikumiminie uji."

"Sitakaa," alisema Mama Kabula. "Nimekuja kwa Milembe."

Milembe alisimama akapiga goti kidogo kumsalimu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, unajua kwetu msiba hauondoki hivi hivi. Mkeka wa matanga unakaa umetandikwa mpaka aje yule aliyekuwa na marehemu, akae juu yake, aseme. Hata akisema neno moja. Ndipo tunaukunja. Wangu bado umetandikwa. Majirani wanaukwepa kama shimo. Nimekungoja upone, nasikia umepona, umerudi kazini. Mbona huji?"

"Sikumbuki kitu, mama. Ningekuja niseme nini?"

"Nijibu moja tu. Ulimwacha mwanangu peke yake kule chini?"

"Sijui, mama," alisema Milembe. "Samahani."

Alisema kwa sauti tulivu, mikono imelegea. Mama Kabula akamtazama muda mrefu.

"Unanijibu kama unanitajia bei ya nyanya."

Hapo ndipo aliposikia maji yakidondoka. Akageuka, akaiona mashine kwenye kigoda. Ilikuwa inatetemeka mpaka kigoda kinagonga ukuta. Ngumi ya kushoto ilikuwa imekazwa, imeinuliwa mbele, kama inamvuta mtu ambaye hayupo.

"Hiki ni nini?"

Shangazi Minza akasema, chini chini, "Ni ya kumpokea Milembe hofu yake, dada. Asiumie."

Mama Kabula akaisogelea, akaitazama pale mahali ambapo uso ungekuwa. "Kumbe wewe ndiye unayenililia mwanangu," aliiambia. "Pole na kazi." Akafunga kaniki yake vizuri, akatoka.

Milembe alibaki amesimama. Alijua kwamba anapaswa kuona aibu. Aliitafuta hiyo aibu kifuani kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni, asiipate. Ilikuwa kule kwenye kigoda.

Kesho yake alikwenda kwa Daktari Shija, yule aliyemfunga mkufu.

"Nataka uuvue," alisema.

"Usiku wa kwanza utanilaani."

"Si umesema nimepona?"

Daktari Shija alikuwa mtu mpole, mwenye kipara, anayependa kusugua miwani hata ikiwa safi. Akaisugua. "Sikusema umepona. Nilisema umetulia. Mwili wako haujajifunza kwamba shimo limekwisha, Milembe, kwa sababu kila ukitaka kusema, tunampa mwingine aseme. Nikiuvua mkufu utakuta kila kitu kilekile ulichokiacha. Unaweza usisimame tena ukafanya kazi. Wapo waliourudisha siku hiyohiyo wakilia."

"Na kama kuna neno mwili ulikuwa unataka kuniambia?"

Daktari akamwashia picha ya mifupa ya mkono wake wa kushoto ukutani.

"Jiwe likiangukia mkono linaponda," alisema. "Vidole vyako hivi havikupondwa. Vilivunjika vikikunjuliwa kwenda nyuma. Nililiona hilo tangu mwanzo."

"Ukanyamaza?"

"Ulikuwa umepata usingizi kwa mara ya kwanza. Nikaona, nani mimi nimwamshe."

Milembe aliukunja mkono, akaufungua. "Vua," alisema.

Walikubaliana wavue polepole, kitambo kidogo kila siku, na mtu awe karibu. Daktari alimfundisha kukanyaga chini kwa nyayo zote, kunawa uso maji baridi, kutaja vitu anavyoviona, na kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta. Ni maneno mazuri ukiwa umekaa kwenye kiti cha daktari. Nyumbani, mkufu ulipovuliwa, Milembe alianguka kwenye sakafu ya jikoni akidhani moyo unapasuka. Alitapika. Alijikojolea. Taya zilikaza hata shangazi akashindwa kumnywesha maji.

"Siwezi, shangazi! Nirudishie!"

"Nitakurudishia. Pumua kwanza."

"Sijui kupumua!"

Shangazi Minza alitazama huku na huku, akaona ungo wenye mtama. Akauchukua, akakaa sakafuni karibu naye, palepale kwenye matapishi, akaanza kupeta. "Tazama ungo, usinitazame mimi. Ukipanda, vuta. Ukishuka, toa, mpaka makapi yaruke. Umeona? Haya, peta na mimi. Wewe mtoto hukuwahi kunisaidia kupeta tangu uzaliwe, leo utapeta."

Ungo ulipanda, ukashuka. Shwaa, shwaa. Milembe akavuta, akatoa. Makapi yakamwangukia kwenye nywele. Mtetemeko haukuisha, lakini ulipata mahali pa kupita.

Wakaenda hivyo siku nyingi. Kuna siku mtama ulikwisha wakapeta ungo mtupu. Kuna siku Milembe aliuvaa mkufu mwenyewe, akajificha chooni asionekane, na shangazi hakumwambia kitu. Kazi ilimshinda, fuko wake akapewa watu wengine. Alikonda. Lakini siku moja uji ulimuunguza ulimi akapiga kelele, na Shangazi Minza akafurahi kama amepewa zawadi.

Kwenye kigoda Mpokezi alikaa kimya, amekauka.

Basi asubuhi moja Milembe aliuacha mkufu mezani, wakaenda wote wawili kwa Mama Kabula. Shangazi alibeba ungo kwapani. Watu njiani waliuliza wanauza nini.

Mama Kabula alikuwa anafagia ukumbini. Alikuwa amenyunyiza maji sakafuni kutuliza vumbi, na sakafu yake ilikuwa ya udongo. Harufu ya udongo uliolowa ikampiga Milembe mlangoni.

Koo likaziba. Alifika kwenye mkeka wa matanga kwa kutambaa.

"Mwacheni, mwacheni," Shangazi Minza alisema, ingawa hakuna aliyemshika. Akakaa, akaanza kupeta. Shwaa, shwaa. Mama Kabula alisimama na ufagio mkononi, asijue amsaidie au amfukuze.

Mkono wa kushoto ukajikunja. Shangazi akataka kuukanda kama siku zote.

"Usiufungue," Milembe alisema kwa shida, meno yakigongana. "Uache. Nataka nijue umeshika nini."

Akautazama. Ungo ukapanda, ukashuka. Kengele ya mlinzi ikalia kichwani, kifuani, tumboni, na safari hii hakuna aliyemziba mdomo.

Giza lilikuja kwanza, kisha vumbi. Kisha ufa kwenye mwamba, mwembamba, wa kupitisha mkono tu, na sauti ya Kabula upande wa pili ikisema, "Tulipeana mkono leo, au tulisahau?" Walikuwa wamesahau. Walikuwa wakigombana asubuhi hiyo kuhusu kopo la grisi, wakaingia hivyo hivyo. "Basi lete," Kabula alisema. Milembe akaingiza mkono kwenye ufa.

Kisha taa nyeupe. Mwokozi, ile mashine ya kufukua watu, ikija ikisaga mawe nyuma yake. Ilikuwa imefundishwa kutafuta mapigo ya moyo, na kumtenganisha mwenye mapigo na chochote kinachomzuia asitoke. Mapigo ya Milembe iliyasikia. Ya Kabula, nyuma ya mwamba, yalikuwa madogo mno. Kwa hesabu zake, mshiko wa mikono ile miwili kwenye ufa ulikuwa kizuizi.

Milembe alilia. Alilia kwa kamasi na jasho na kelele, mwili mzima, juu ya mkeka, na Mama Kabula akaachia ufagio ukaanguka.

"Alikuwa anasugua," Milembe alisema. "Kidole gumba chake. Hapa, nyuma ya mkono wangu. Anasugua polepole, polepole."

Mama Kabula akakaa chini. Akauchukua ule mkono uliokunjwa, akausugua mgongo wake kwa kidole gumba, kwenda na kurudi.

"Hivi?"

"Hivyo, mama."

"Ndivyo alivyokuwa akinifanyia alipokuwa mchanga," alisema Mama Kabula. "Mpaka usingizi umpate." Midomo ilikuwa inamcheza. "Alikuwa bado anasugua? Mlipoachana?"

Shangazi Minza aliacha kupeta.

"Bado, mama," alisema Milembe.

Mama Kabula akamwinua kidevu, akamuuliza tena lile swali aliloliuliza siku ya uji, kwa sauti ileile.

"Ulimwacha mwanangu peke yake kule chini?"

Milembe alivuta pumzi, akaitoa yote. Alikuwa bado anatetemeka, yeye mwenyewe.

"Sikumwachia, mama," alisema. "Nilikunjuliwa vidole."