Chumba cha Mitambo

Chai ilikuwa na chumvi. Fundi wa programu aliitema, akawaangalia wenzake ajue nani kamfanyia mzaha, lakini ofisi nzima ilikuwa imeinamia kompyuta, macho mekundu. Walikuwa wanamalizia gemu, na watu wa namna hiyo hawana hata nguvu ya kutania.

Lilikuwa gemu la vita vya manowari, na bosi alilisifia jambo moja tu: uhalisia. Meli ikitobolewa na kombora, maji yaliingia chumba kwa chumba, na mchezaji alilazimika kufunga milango ya chuma, hata kama kuna mabaharia ndani, ili wengine wapone. Maji hayo na milango hiyo ilikuwa kazi ya fundi. Tangu asubuhi alikuwa akijaza maji chumba cha mitambo, anakifunga, anaanza upya, mpaka mkono ukazoea kufunga wenyewe.

Ndipo aliposikia hodi ndani ya gemu, nyuma ya mlango wa chumba hicho. Ngo, ngo, ngo.

"Bwana Sauti," alimnong'oneza mwenzake mtengeneza sauti, "umeweka mtu anagonga humu?"

"Mimi? Wala." Akavaa hedifoni, akazivua upesi. "Kaka, huyo anapumua."

Waliitafuta sauti hiyo waifute, wasiione. Wakazima kompyuta, na kugonga kukaendelea ndani ya spika zisizo na umeme, na harufu ya mwani uliooza ikatambaa chini ya meza, ikamfuata fundi mpaka nyumbani, ikalala kati yake na mkewe, ikawanyima wote wawili usingizi.

"Mume wangu, huko kazini mmefungia nini?"

"Sijui, mke wangu. Nimechoka."

Mkewe ndiye aliyempeleka mganga ofisini, mchana kweupe, bosi akiwa mkutanoni. Mganga alifukiza ubani, akasikiliza, akaguna.

"Jini. Kakuta chumba kitupu, kahamia, nawe unamzamisha kutwa nzima. Mfungulie. Ila akitoka tu, kivunje chumba hicho. Usipokivunja, ataweka mtu badala yake."

Fundi akafungua mlango. Manowari ikazama, kugonga kukakoma, na Bwana Sauti akamkumbatia huku akicheka kwa hofu iliyomtoka. Lakini kukivunja chumba kile, yaani kukifuta chote kwenye programu, ilikuwa kazi ya kutwa, na fundi hakuwa na nguvu za kuifanya.

"Liwezekanalo leo lisingoje kesho," mkewe alimsihi usiku huo nyumbani.

"Kesho, mama. Niache nilale."

Akalala fofofo, usingizi alioutamani kuliko mshahara. Aliamshwa na simu, jua limeshapanda.

"Fundi, kunagonga tena," alisema Bwana Sauti.

"Jini karudi?"

"Si jini." Bwana Sauti alikuwa analia. "Ni shemeji. Anakuita wewe. Anasema maji yamemfika shingoni."

Fundi aligeuka taratibu. Mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anamtazama, nywele zinamchuruzika maji.

"Usiende kazini leo," alimwambia kwa upole. "Umechoka."