Chupa ya Kabati la Keki

Kila asubuhi kabla sijaenda shule, Baba alisimama kwenye mlango wa nyuma, chai mkono huu, vepu mkono ule. Vepu ni ile sigara ya umeme isiyo na moto: unaijaza maji yenye nikotini, unavuta, kisha unatoa wingu zito linalonukia matunda. Ya Baba ilinukia zabibu. Hata sweta langu la shule lilinukia zabibu, na rafiki yangu Poppy hakuacha kunitania. "Robyn, leo tena umekuja na shamba lenu?"

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tuliishi watatu hapa Redcar, mji wa pwani kaskazini mwa Uingereza: mimi, Baba ambaye ni fundi wa mapaa, na Bibi Maureen, mama yake. Mwaka uliotangulia tulikuwa wanne. Babu Ken alifariki Machi iliyofuata kwa ugonjwa wa mapafu, baada ya kuvuta sigara tangu ujana wake kiwandani. Siku zake za mwisho hospitalini, akiwa na mpira wa oksijeni puani, alimshika Baba mkono.

"Craig, sigara umeacha, hongera. Na hilo dubwasha je, utaliacha lini?"

"Nitaliacha, Baba."

"Lini? Ndiyo nakuuliza."

"Krismasi haitanikuta nalo."

Babu akanigeukia mimi. "Umemsikia, eh? Wewe ndiye shahidi wangu."

Nadhani alitania tu. Mimi sikulichukulia kuwa utani.

Novemba ikafika. Chupa ya maji ya vepu pale dirishani jikoni ilikuwa bado na nambari 12, kipimo cha nikotini, na ilikuwa hiyohiyo 12 tangu Baba alipoacha sigara miaka mitatu nyuma. Nilipomkumbusha, alinipapasa kichwa.

"Nitaacha, kipenzi. Ngoja nimalize paa la kanisa."

Paa la kanisa likaisha. Akasema tungoje baridi ipungue. Redcar hii, Novemba, baridi ipungue!

Wiki ile mwalimu wetu wa sayansi alitueleza kwamba sehemu kubwa ya maji ya vepu ni gliserini. Neno hilo nililijua. Bibi alikuwa na chupa ya gliserini katika kabati lake la vitu vya keki. Huitia kidogo kwenye sukari ya kupambia keki ya Krismasi ili isikauke sana. Nikapata wazo, na nikajiona nina akili kuliko watu wazima wote wa mtaa wetu.

Kila Jumapili Bibi akiwa kanisani na Baba akitazama mpira, nilimwaga maji kidogo kutoka kwenye chupa ya Baba na kujaza gliserini ya Bibi. Nilipanga kwamba nikotini ikiisha kabisa, siku ya Krismasi nitamwambia: "Baba, umeshaacha, na hukujua!" Nililiona tabasamu lake tayari.

Badala ya tabasamu, nikaona mtu nisiyemjua. Baba aliyekuwa akiimba akipiga mswaki sasa aligomba kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Alivuta vepu yake mara kwa mara, akaitikisa, akaitazama kama imemkosea. Usingizi ukampotea. Mafundi wenzake wakamwambia amekuwa mkali kama nyigu.

"Ana nini huyu?" Bibi aliniuliza. "Au anamlilia baba yake?"

"Sijui, Bibi," nikasema. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa mdomo. Ule wa mikono ulikuwa na wiki nne tayari.

Jumamosi moja katikati ya Desemba, Bibi alinituma nimpelekee Baba chai ya moto kwenye shamba dogo la mboga alilokodi Babu, ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kulirudisha. Nilizunguka kibanda cha majembe, nikamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkononi alikuwa na sigara. Sigara ya kweli, yenye moto.

Hakuificha. Alinitazama tu, macho mekundu.

"Miaka mitatu na miezi miwili," akasema. "Hata moja sikugusa, hata siku tuliyomzika. Sasa sijui nimepatwa na nini, Robyn. Naivuta ile vepu kutwa, hainisaidii. Nimeshindwa. Babu yako alinijua vizuri, ndiyo maana akaweka shahidi."

Akafunika uso, akalia. Sikuwahi kumwona Baba akilia, hata makaburini. Nilitaka kusema ni mimi, lakini sikuthubutu. Niliweka chai chini, nikakimbia. Njia nzima nilinusa moshi kwenye koti langu, harufu ileile ya Babu, na nikahisi nimemuua Baba kwa mikono yangu.

Jioni Bibi alianza kupamba keki. Baba alikaa mezani, akigeuzageuza kikombe. Bibi akafungua kabati, akainua chupa yake kwenye mwanga wa taa.

"Nani kamaliza gliserini yangu? Panya wa nyumba hii wanaoka keki?" Akaitikisa. "Haya, basi. Sukari hii itakuwa zege. Tutakula keki kwa nyundo ya Craig."

"Ni mimi," nikasema. Nikaeleza yote huku nalia, kamasi na machozi pamoja: mwalimu, kabati, Jumapili zote nne.

Bibi akaketi. Baba alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akatoka uani bila koti. Tulimwona kupitia dirishani, ametugeuzia mgongo, kwa muda mrefu. Aliporudi, mikono ilikuwa myekundu kwa baridi.

"Nilidhani nimeoza ndani," akasema taratibu. "Wiki nne, Robyn. Nilijichukia wiki nne."

"Nisamehe, Baba."

"Nitakusamehe. Leo bado naumia."

Jumatatu mimi na Baba tulikwenda kwa Bi. Nasreen, mfamasia wa mtaa wetu, ambaye ndiye aliyemsaidia Baba kuacha sigara. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama.

"Kwanza, maji yale ni sumu. Usiyaguse tena kwa mikono yako. Pili, kupunguza ni vizuri, ila mwenye mwili lazima ajue. Mwili uliponyimwa nikotini bila yeye kujua uliirudia njia ya zamani, na sigara ina madhara makubwa kuliko vepu." Akamgeukia Baba. "Na wewe, Craig, nikuulize. Unataka kweli kuiacha hiyo vepu?"

Baba aliitoa mfukoni, akaigeuza mkononi.

"Sijui," akasema. "Kila niliposema nitaacha, nilikuwa nataka tu waniache. Baba hospitalini, na huyu nyumbani. Naogopa nikiiacha nitarudi kwenye sigara. Na nimerudi."

"Umevuta moja, hujarudi," Bi. Nasreen akasema. "Hilo jibu lako la leo ndilo tunaloweza kufanyia kazi."

Tulipotoka, Baba alinishika bega. "Mimi nilikudanganya kwa mdomo tangu Machi, wewe ukanidanganya kwa mikono. Tulidanganyana kwa kupendana, na tazama tulikofika. Mtu hasaidiwi kwa kufichwa, mwanangu. Kuanzia leo tuambiane kweli, hata ikiwa mbaya."

Krismasi ilimkuta nalo dubwasha lake. Keki ilikuwa zege kweli. Baba aliivunja kwa nyundo ya mapaa, Bibi akacheka mpaka akalia, kisha akalia tu, akikitazama kiti cha Babu.

Machi, siku ya kumbukumbu ya Babu, tulipeleka maua kaburini. Baba alivua kofia yake ya kazi.

"Baba, bado sijaacha," akasema. "Sigara sijagusa tena. Hili dubwasha nimelishusha hadi sita, na nimelishusha mwenyewe. Kuhusu Krismasi nilikudanganya."

Upepo ulivuma kutoka baharini. Akanigeukia.

"Shahidi?"

"Ni kweli, Babu," nikasema.